Nani Aliizima Taa Inayokata Kona?

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na kila msimulizi hukitoa kwa uhakika uleule. Mwaka 1948, mjini Chicago, Marekani, lilitoka gari lenye taa tatu mbele. Mbili zilikaa pembeni kama za magari mengine. Ya tatu ilikaa katikati ya pua. Dereva alipokata usukani, taa hiyo nayo iligeuka, ikamulika kona kabla gari halijaingia. Magari 51 tu yalikamilika, ukihesabu na lile la majaribio, kisha kiwanda kikafungwa. Taa hiyo, wanasema wasimulizi, ikazikwa na wakubwa wa biashara walioogopa kushindwa, na dunia ikakaa gizani zaidi ya nusu karne hadi ilipoivumbua upya. Kisa kina shujaa, kina adui, kina mazishi. Kimekamilika mno, na ndiyo maana nilikitilia shaka. Je, ni kweli taa inayokata kona ilizaliwa Chicago?

Nilianza na gari lenyewe, Tucker 48. Upande wa ufundi hauna utata mkubwa. Taa ya katikati iliunganishwa na mfumo wa usukani kwa vyuma, na iliwaka usukani ulipokatwa zaidi ya nyuzi 10. Utata unaanzia kwenye sheria. Inasemwa kwamba majimbo 17 ya Marekani yalikataza gari kuwa na zaidi ya taa kuu mbili, hivyo kikatengenezwa kifuniko cha kuivika taa ya tatu gari likiwa katika majimbo hayo. Namba hiyo niliikuta kila nilipopekua, ikinakiliwa vilevile. Kilichokosekana ni orodha. Ni majimbo gani, na sheria ya mwaka gani? Kila maandishi yalinirudisha kwa maandishi mengine yaliyoyatangulia. Namba isiyo na orodha ina uzito gani?

Njia hiyo ilipoziba, nikazungukia nyuma. Kama sheria za kuhesabu taa zilikuwepo, lazima zingeacha alama kwenye magari mengine. Ziliacha. Tangu 1940 Marekani ilifuata kiwango kimoja kwa magari yote mapya: taa mbili za duara, kipenyo inchi 7, zilizozibwa kiwandani, kioo na kikombe cha kuakisi na uzi wa balbu vikiwa kitu kimoja. Mwaka 1957, watengenezaji walipoanza kuweka taa nne, baadhi ya majimbo yalikuwa bado hayajaziruhusu. Kwa hiyo sheria za namna hiyo zilikuwepo, yawe majimbo 17 au idadi nyingine. Lakini kifuniko kilitosha kuliruhusu gari barabarani. Kilichoangusha kiwanda ni fedha na kesi iliyofunguliwa dhidi ya wakuu wake, na washtakiwa hao walipoachiwa huru Januari 1950, milango ilikuwa imeshafungwa. Taa ilikwenda na gari lake, haikushtakiwa yenyewe. Je, ilikuwa mpya hata hapo ilipotokea?

Nikarudi nyuma miaka 13, hadi Czechoslovakia ya mwaka 1935. Huko kulitengenezwa Tatra 77a, gari refu lenye umbo la kukata upepo na injini nyuma. Picha zake zinaonyesha taa tatu mbele, moja katikati kabisa. Mashabiki wa gari hilo wanasema taa ya katikati iligeuka na usukani, na hapo wengi hufunga hoja. Mimi sikuifunga. Picha huonyesha taa iko wapi, haionyeshi kama inageuka. Nilipofuatilia maelezo ya gari lenyewe, jibu likawa la nusu: baadhi ya magari hayo yalikuwa na kiungo cha kuigeuza taa, mengine yalikuwa na taa ya katikati isiyocheza. Hata hivyo nusu hiyo inatosha kuivua Chicago taji la kutangulia. Kama Wachekoslovakia waliwatangulia Wamarekani, nao walitanguliwa na nani?

Jibu likanirudisha Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 waliokuwa na magari ya kifahari waliweza kununua taa za ziada zilizoitwa Pilot Ray. Zilifungwa kwenye mtaimbo mbele ya rejeta, na fimbo ya chuma ikaziunganisha na usukani. Ukienda nyuma zaidi, kwenye hataza za miaka ya 1910, unakuta wavumbuzi kadhaa na mchoro karibu uleule: mkono wa usukani, fimbo, na kishikio cha taa kinachozunguka. Kila mmoja anaeleza tatizo lilelile, kwamba gari linapoingia kwenye kona taa zake humulika shimo la pembeni badala ya barabara. Wazo hilo basi halikuwa siri ya mtu mmoja, wala halikuhitaji fundi wa ajabu. Kama wengi walilifikiria mapema hivyo, kwa nini halikuingia kwenye kila gari?

Nilidhania bei kwanza. Lakini fimbo na vishikio viwili si vitu vya kumfilisi mtengenezaji wa magari. Nikageukia uimara: matope, kutu, mitikisiko. Hizo ni sababu za kweli, ila zingeweza kurekebishwa kama zilivyorekebishwa breki na giaboksi. Ndipo nikatazama wahandisi wa taa walikuwa wakihangaika na nini miaka hiyo. Mwaka 1915 ilitoka taa ya Marekani iliyoweza kushushwa. Mwaka 1917 gari moja lilipata mkono wa kuishusha taa dereva akiwa kitini, bila kusimama na kuteremka. Mwaka 1924 Ulaya ikapata balbu moja yenye nyuzi mbili, wa juu na wa chini. Mwaka 1927 ikaja swichi ya kukanyaga kwa mguu. Wakati wavumbuzi wachache walitaka kuigeuza taa kando, fani nzima ilitaka kuishusha chini. Ilikuwa inamkimbia nani?

Ilikuwa inamkimbia anayekuja mbele. Chukua barabara ya nchi inayoendesha kulia, kama Marekani. Kona ya kulia haina shida, maana taa inayogeuka inamulika ukingo wa barabara. Lakini kona ya kushoto inaipeleka taa hiyohiyo moja kwa moja kwenye upande wa magari yanayokuja. Karibu nusu ya kona zote, basi, taa inayomsaidia dereva mmoja inamtia kiwi mwingine. Hapa kwetu Tanzania tunaendesha kushoto, kwa hiyo tatizo liko kwenye kona za kulia, lakini hesabu ni ileile. Wasimulizi wa kisa cha Chicago hawalitaji jambo hili hata kidogo. Wanamhesabu aliyeshika usukani, hawamhesabu anayekutana naye. Je, kiwi hicho ni usumbufu tu, au kinampunguzia mtu uwezo wa kuona?

Vipimo vinasema ni mambo mawili, na hayaendi pamoja kila mara. La kwanza ni upofu wa muda: mwanga mkali ukiingia jichoni hutawanyika ndani yake na kutandaza ukungu juu ya picha nzima, hivyo mtembea kwa miguu mwenye nguo nyeusi humezwa. Ukungu huo hupungua haraka kadiri chanzo cha mwanga kinavyokaa mbali na mstari wa macho. Pembe ikiongezeka mara mbili, athari hushuka hadi karibu robo. Umri nao huchangia: karibu na miaka 70 mtawanyiko ndani ya jicho huwa takriban mara mbili ya ule wa kijana. La pili ni karaha, inayopimwa kwa kumwomba mtu ataje namba kuanzia 1 hadi 9, ambapo 1 ni mwanga usiovumilika. Mwanga wenye weupe wa samawati hukera zaidi hata unapopofusha sawa na ule wa manjano. Mwenye kutengeneza taa alitakiwa atatue lipi kati ya hayo?

Wafaransa walipata jibu la werevu mwaka 1967. Gari lao la Citroën DS, lililozinduliwa Paris mwaka 1955, lilipewa sura mpya yenye taa nne nyuma ya vioo laini. Zile mbili za nje, za dimu, zilijisawazisha gari linapoinama kwa breki au kuinua pua kwa kukanyaga mafuta. Zile mbili za ndani, za fulu, ziliunganishwa na usukani kwa kebo na ziliweza kugeuka hadi nyuzi 80. Tazama mgawanyo huo. Kinachogeuka ni fulu peke yake, yaani taa ambayo dereva muungwana huizima anapoona gari likija. Dimu haigeuki, inabaki chini na inalindwa isipande. Kwa mara ya kwanza katika njia hii nilikutana na taa iliyomfikiria anayekuja kwa kiwango kilekile na anayekwenda. Kwa nini basi Marekani iliikataa?

Kwamba iliikataa halina ubishi: DS zilizouzwa Marekani zilikuwa na taa nne zilizo wazi, bila vioo vya kufunika, na hazikugeuka. Wasimulizi wanaona humo wivu wa biashara. Nilipima dai hilo kwa kuuliza ni taa gani nyingine zilizokataliwa wakati huo. Orodha ni ndefu. Vioo vya kufunika taa vilikataliwa, na balbu za halojeni zilizoanza Ulaya mwaka 1962 hazikukubaliwa huko hadi 1978. Hata taa ambayo balbu yake hubadilishwa peke yake ilingoja hadi 1983, na marufuku hiyo iliwazuia watengenezaji wa nyumbani sawa na wa nje. Sheria ya 1940 iliandikwa kuzunguka umbo la taa, haikuuliza taa inafanya nini barabarani. Na ilikuwa na sababu njema: taa iliyozibwa haishiki kutu ndani, na ikiungua unapata mpya inayofanana nayo. Lilikuwa suluhisho zuri lililozeeka. Lakini Ulaya haikuwa na kizuizi hicho, sasa mbona hata huko taa inayogeuka haikuenea?

Hapa mafundi wa magari ya kale wana majibu kuliko maktaba. Kebo za DS zilishika kutu ndani ya mirija yake, zikawa nzito, kisha zikagoma. Gari la Citroën lililofuata, SM ya mwaka 1970, liliacha kebo na kutumia kimiminika kwenye mirija iliyofungwa. Kimiminika kilivuja taratibu, na kadiri kilivyopungua taa zilijikunja kuelekea ndani hadi gari likawa na makengeza. Kulikuwa na sehemu ya kurekebisha kwa mkono, ila ilipofika mwisho wake ilibidi mfumo ujazwe upya au mirija ibadilishwe. Taa yenye makengeza ni mbaya kuliko taa isiyogeuka, kwa sababu inamulika pasipotakiwa wakati wote. Wazo lilikuwa sahihi, misuli yake ilikuwa dhaifu. Ni lini lilipata misuli, na nani alilipa akili?

Nilijaribu njia ya akili kwanza. Mwaka 1952 magari kadhaa ya kifahari ya Marekani yalianza kuuzwa na jicho la umeme juu ya dashibodi. Lilikuwa bomba dogo la kuhisi mwanga: likiona taa za gari linalokuja, linashusha fulu lenyewe. Nilitarajia kwamba kutoka hapo ningefika kwenye taa inayogeuka. Sikufika. Jicho hilo halikujua kona wala usukani, lilijua mwanga tu, na lilidanganyika kwa urahisi na taa za mtaani. Ni ukoo mwingine kabisa. Mmoja ulijifunza kugeuka bila kuona, mwingine ulijifunza kuona bila kugeuka, na kwa nusu karne hawakupeana mkono. Walikutania wapi?

Walisogeleana mwaka 2003. Katika miaka ya 1990 watengenezaji na watunga kanuni wa Ulaya walikaa pamoja kutafuta vipimo vya taa itakayofuata usukani, mwendo na hali ya hewa. Kufikia 2003 mota ndogo na kompyuta za magari zilikuwa na uwezo wa kutosha, na magari ya Ulaya yakaanza kuuzwa nayo. Mwaka 2007 kanuni ya kimataifa namba 123, iliyotengenezwa Geneva, ikaipa taa hiyo sheria yake. Mwaka uleule wa 2003, Japani ilizindua Toyota Harrier ya kizazi cha pili, mojawapo ya magari ya mwanzo duniani kuwa na mfumo huo wa kompyuta, unaoitwa AFS kwa kifupi. Msomaji wa Dar es Salaam analijua. Ndilo lile linaloitwa mtaani "tako la nyani". Mzao wa taa niliyoitafuta Chicago na Paris alikuwa amejaa kwenye foleni zetu. Kuna aliyemtambua?

Nilikwenda gereji moja ya Ilala kuuliza. Fundi alikuwa na taa nzima ya Harrier juu ya meza, imechomolewa kwenye bampa, kioo chake kimefifia kwa jua. Aliigeuza nyuma, akafungua kifuniko cha plastiki, akaniwekea kidole kwenye mota ndogo isiyozidi kiberiti.

"Hii ndiyo inazungusha lenzi, mzee. Kulia, kushoto."

"Wateja wanaijua?"

"Wengi hawaijui. Wanakuja kwa sababu maandishi ya AFS yanawaka na kuzima kwenye dashibodi. Wanadhani ni injini."

"Nawe unawaambiaje?"

"Nawaambia haihusiani na injini, waendelee tu. Kitu chenyewe kiko nyuma, chini ya gari. Kale kamkono kakikatika, mfumo unajizima."

Alinionyesha hako kamkono: fimbo nyembamba yenye ukubwa wa kiungo cha kidole, yenye kifundo cha mpira kila mwisho, inayounganisha springi za nyuma na sensa ya kupima gari limekaa juu au chini. Kifundo kimoja kilikuwa kimekatika. Kitu kidogo hivyo, kikiachwa, kinaharibu nini?

Fanya hesabu nami. Chukua taa iliyo sentimita 70 kutoka ardhini, na dimu yake imeshushwa asilimia 1, yaani sentimita 1 kwa kila mita 1. Ukingo wake wa juu utagusa lami mita 70 mbele. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa unafika hapo baada ya sekunde tatu hivi. Sasa pakia magunia kwenye buti hadi pua ipande nyuzi 1 tu. Mwanga haushuki tena, unapanda, na mita 50 mbele umeshapita urefu wa mita moja. Hapo ndipo yalipo macho ya dereva wa gari dogo. Kihisi cha nyuma kipo ili kuzuia jambo hilo. Kanuni za Ulaya zilikifanya cha lazima kwa dimu yenye balbu ya zaidi ya lumeni 2,000, na balbu ya zenoni hutoa kama 3,200, wakati halojeni ya kawaida ni karibu 1,500. Gari lililotumika linapovuka bahari na taa zake kali, je, mlinzi wake anafika akiwa mzima?

Fundi alikuwa na hoja nyingine, na hii inahusu hata magari yasiyo na mota. Wateja huja na balbu za LED za kuchomeka, wakitaka ziwekwe kwenye taa za halojeni. Kikombe cha kuakisi huchorwa kwa kufuata mahali uzi wa balbu ulipo, kwa usahihi wa chini ya milimita. Weka chanzo cha mwanga chenye umbo jingine na ukingo wa dimu unavunjika, mwanga unamwagika juu. Dereva anaona weupe mwingi karibu na bampa na kuridhika. Mbali, anakohitaji kuona, huenda asipate zaidi ya alichokuwa nacho, na anayekuja anapata kiwi. Hili si la taa zinazojirekebisha, lakini linatoka kwenye kosa lilelile la kisa cha Chicago: taa hupimwa kwa macho ya mwenye gari peke yake. Kama hata balbu ina upande wake sahihi, barabara nazo zina pande?

Zinazo, na mpaka wa Rusumo unaonyesha wazi. Upande wa Tanzania tunaendesha kushoto, ukivuka kuingia Rwanda unahamia kulia. Dimu nyingi za kisasa hazina ukingo ulionyooka. Upande mmoja hupanda kidogo ili kumulika ukingo wa barabara na watembea kwa miguu. Gari la Japani limeundwa kwa kushoto, hivyo liko sawa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala. Likifika Kigali, Bujumbura au Bukavu, ule upande uliopanda sasa unawaangalia wanaokuja. Gari halikubadilika, wala dereva hakukosa adabu. Kilichobadilika ni sheria ya upande. Taa ya chuma na kioo haiwezi kujua imevuka mto Kagera. Je, hakuna taa inayoweza kubadili umbo la mwanga wake yenyewe?

Ipo, na hapa ndipo koo zile mbili zinapopeana mkono. Mwaka 2010 gari moja la Kijerumani lilitoka na kamera mbele na kinga ndani ya taa: kamera ikiona gari, kinga inaziba sehemu hiyo tu ya fulu, na kwingine kote kunabaki kumewaka. Mwaka 2013 likaja gari la kifahari lenye vipande 25 vya LED kwa kila taa ya fulu, kila kimoja kikizimwa peke yake. Kufikia 2016 kulikuwa na taa yenye LED 84, na miaka miwili baadaye nyingine yenye vioo vidogo zaidi ya milioni moja. Taa haigeuki tena, inachora. Marekani iliruhusu mfumo huu Februari 2022 tu, ingawa ombi lilikuwa mezani tangu 2013, kwa sababu kanuni zake zilijua miale miwili, ya juu na ya chini, bila cha katikati. Wauzaji wanasema kiwi kimekwisha. Kimekwisha?

Tazama kamera inatafuta nini: inatafuta taa za wengine. Mtu anayetembea kando ya barabara usiku hana taa, hivyo anapokea fulu nzima usoni. Baiskeli isiyo na taa vivyo hivyo. Bodaboda ambayo taa yake imekufa ni giza mbele ya giza. Gari linalopanda kilima kutoka upande wa pili huonekana ghafla, na kompyuta huchelewa kidogo kama dereva angechelewa. Kwenye barabara kuu ya Ulaya yenye uzio katikati, mapungufu hayo ni madogo. Kwenye barabara inayopita katikati ya kijiji, ambako nusu ya watumiaji hawana taa, si madogo. Mfumo unawaheshimu waliowasha taa. Kuna ushahidi wowote, basi, kwamba taa hizi zinaokoa watu?

Upo, na unahitaji kusomwa polepole. Nchini Marekani, madai ya bima kwa magari yenye taa zinazofuata kona yalionekana kuwa machache kuliko ya magari yanayofanana nayo yasiyo na taa hizo. Jambo la kushangaza ni kwamba upungufu huo ulizidi matarajio, maana ajali za usiku zinazohusisha zaidi ya gari moja ni sehemu ndogo ya ajali zote. Huenda taa zinasaidia kwa njia ambazo bado hazijaeleweka. Huenda pia taa hizo huja kwenye magari yenye vitu vingine vinavyolinda. Nakubali kwamba faida ipo. Sikubali kwamba imeelezwa yote. Kwa ushahidi wa namna hii, nani ashtakiwe kwa kuizima taa ya kona?

Hakuna. Hiyo ndiyo hukumu yangu baada ya kuipita njia yote. Taa inayokata kona haikuzaliwa Chicago, maana ilikuwa kwenye hataza na mitaimbo ya rejeta miongo kadhaa kabla. Haikuuawa na tajiri mwenye wivu. Ilikufa na kiwanda kimoja, ikazuiwa na kanuni iliyozeeka, ikapinda kwa kutu na uvujaji. Zaidi ya yote, ilichelewa kwa sababu kwa muda mrefu haikuwa na jibu kwa macho ya anayekuja mbele. Kila ilipompuuza ilisimama. Kila ilipomjali, Paris mwaka 1967, na tena kamera zilipoingia, ilisogea. Mfumo tulionao leo katika magari yaliyotumika ni tunda la hatua hizo zote. Tutautunza vipi?

Hauhitaji mtaalamu kutoka Japani. Simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Pima urefu wa taa kutoka ardhini na uchore alama ukutani kwa urefu huohuo. Washa dimu. Ukingo wa juu wa mwanga ukae kama sentimita 10 chini ya alama. Balbu iwe ya aina iliyoandikwa kwenye taa yenyewe. Maandishi ya AFS yakiwaka na kuzima, mwambie fundi akague kamkono ka nyuma, usikubali kuambiwa uendelee tu. Na kama mwanga unapita juu ya alama ya ukutani, gari hilo lisitoke usiku hadi lirekebishwe.